Naombeni ushauri, saa yangu ya Junghans imeingia maji

Wakuu habari za jioni. Bamdogo anaishi Stuttgart, nilipooa akanizawadia saa ya Junghans, toleo la kuadhimisha miaka 160 ya kampuni (walianza 1861 mji wa Schramberg, hukohuko Ujerumani), nyembamba, mkanda wa ngozi, yani ukiivaa na kanzu inatulia kabisa. Sasa mgongoni imeandikwa 3 bar (kipimo cha kuzuia maji), mimi nikajua maji ruksa kumbe hiyo ni ya matone tu, nimetawadha nayo kama wiki hivi, Ijumaa nikaona ukungu chini ya kioo, pale upande wa namba 3 penye kile kidude cha kurekebishia majira.

Nimeifukia kwenye mchele siku mbili ukungu ukaisha, nikitoka juani unarudi. Inatembea ila inachelewa kama dakika nne kwa siku. Fundi mmoja hapa Tanga alishachomoa kisu abandue mfuniko nikamnyang'anya, na mfuniko wenyewe una skrubu jamani!

Sasa, kuna fundi wa uhakika wa saa za mashine Dar au Mombasa mliyemtumia wenyewe? Na nikimsubiri bamdogo aje Desemba airudishe Ujerumani, si itakuwa imeshaota kutu?