Maporomoko ya maji, kwenda na kurudi siku moja kutoka Malindi: Lugard au Sheldrick?

BintiShela
Assalamu alaykum wanajamvi. Tuko nyumba nzima, watu kumi na mmoja. Mkubwa ni bibi, goti lake linamsumbua, na mdogo ana miaka mitano. Shule zikifungwa Agosti watoto wanataka kutolewa, na baharini hawataki kusikia. Kwa mtoto wa Malindi bahari si matembezi. Wanataka maji yanayoanguka. Nimeulizia nikatajiwa pawili: Lugard, kwenye mto Galana ndani ya Tsavo Mashariki, na Sheldrick kule Shimba Hills, Kwale. Binamu yangu yeye anashikilia Marafa, kule kwenye korongo la udongo, kwa kuwa ni karibu. Gari tutakodi, matatu ya viti kumi na vinne. Kulala nje hatulali. Aliyefika kote anilinganishie.

UstadhWaUsukani
Waalaykum salaam dadangu. Kazi yangu ni kupeleka wageni, kwa hivyo mimi nahesabu saa kwanza, uzuri baadaye.

Lugard: Malindi hadi geti la Sala ni kama kilomita 110, njia ya Kakoneni na Langobaya. Kutoka getini hadi kwenye maporomoko bado kuna zaidi ya kilomita 50, na ndani ya hifadhi hakuna lami, tena mwendo hauruhusiwi kupita kilomita 40 kwa saa. Hata ungeruhusiwa usingekimbia, maana kila kona kuna ndovu mwekundu kwa vumbi amesimama njiani na yeye ndiye mwenye haki ya barabara. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri, mtafika majini saa tatu, saa nne. Mkiondoka hapo saa saba mchana, magharibi inawakuta Malindi. Hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni, na askari wa geti hawana mchezo na mtu aliyechelewa.

Sheldrick: Mombasa peke yake ni kilomita 120, na hapo hujavuka kwenda kusini. Ukiongeza foleni ya Mtwapa na foleni ya feri Likoni, siku imeliwa nusu kabla hujaona hata jani la Shimba. Mimi kwa siku moja naenda Sala.

MamaMahamri
Ustadh, feri ni lazima siku hizi? Kuna daraja la Dongo Kundu. Sisi tulikunja Mavueni tukashika Kaloleni hadi Mariakani, tukateremka mpaka Miritini, tukaingia Dongo Kundu, tukatokea upande wa Ng'ombeni bila kuona Mtwapa wala feri. Njia ni ndefu kidogo ila gari linatembea.

Na BintiShela, kuna jambo madereva hawalisemi. Lugard huogi! Utawafungia watoto garini saa nne kwenda, saa nne kurudi, halafu uwaambie maji ni ya kutazama? Kutakuwa na vilio. Sheldrick maji yanaanguka kama mita 21 kutoka juu ya jabali, chini pana dimbwi, watu wanaingia, wanasimama chini ya maji yanawapiga mabegani. Msitu ni wa kijani, kivuli, baridi. Huko Tsavo ni jua la utosini na miiba.

MtuWaJilore
Mama amesema kweli kuhusu kuoga, na mimi nataka kulikazia hilo kuliko yote. Pale Lugard hakuna genge ambalo maji yanatoka juu yakaanguka chini kama ya kwenye kalenda. Mto mzima wa Galana, mpana, unakuja taratibu kwenye mchanga, halafu ghafla unabanwa na miamba. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanazunguka, yanatoka upande mwingine yakitoa povu. Miamba yenyewe imechongwa mashimo na mifereji, imekuwa laini, ina mistari ya kijivu na ya waridi. Ndiyo uzuri wake. Lakini ulaini huo huo ndio hatari: mtu akisogea ukingoni kupiga picha, kiatu kikateleza, hana pa kushika. Na mita chache chini kuna mamba wameota jua. Mahali penyewe pameitwa Crocodile Point, si kwa mapambo. Mtoto wa miaka mitano ashikwe mkono muda wote. Siyo "usiende mbali". Mkono.

Msimu nao uufikirie. Agosti mvua za masika zimepita, maji huwa yamepungua, na kwa maoni yangu ndio wakati mzuri kwa sababu miamba inaonekana. Mto ukifurika unaona maji mengi ya udongo tu na michongo yote imezama. Anayetaka kuusikia mto ukinguruma aende wakati wa vuli, na wala hahitaji kumpigia mtu simu kuuliza hali. Galana ndio Sabaki yetu hii, jina tu linabadilika ukikaribia pwani. Kaskazi ikishaanza kuvuma, ukiamka ukakuta bahari ya Malindi imekuwa chai ya maziwa, ujue mto umejaa; upepo wa kaskazi unayasukuma yale maji ya mto kusini, mpaka kwenye ghuba yetu. Kusi ikivuma tope linaelekea Mambrui na huku kwetu bahari inasafika, kwa hivyo Agosti usidanganywe na weupe wa ufuo. Nenda kasimame darajani Sabaki uangalie.

KijanaWaBarani
Binamu yako ana akili. Marafa hamchomi mafuta ya pesa nyingi, mnatoka Malindi baada ya chakula cha mchana, jioni jua likipiga zile kuta za udongo zinawaka nyekundu na rangi ya machungwa, saa mbili usiku mko nyumbani mnakula. Kiingilio kinabaki kwa wenyeji.

BintiShela
Kijana, maji yako wapi Marafa?

KijanaWaBarani
Hakuna tone. Lakini ni maji hayo hayo ya mvua yaliyochimba lile korongo, sasa si ni maporomoko yaliyomaliza kazi? 😂

MdigoMtembezi
Mimi ni mtu wa Kwale na Sheldrick napapenda kuliko mahali pote pengine kaunti hii, lakini nimeona umeandika goti la bibi na hakuna aliyelijibu. Gari halifiki majini. Mnaacha gari juu, mnapewa askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki kwa sababu ndovu wapo msituni, kisha mnateremka kwa miguu kama kilomita 2. Kuteremka watu wanacheka na kuimba. Kupanda ndiyo kazi. Nimeona vijana wa mazoezi wameketi kwenye jiwe wakitafuta pumzi. Bibi mwenye goti atabaki garini na mtu wa kumwangalia, na huyo wa kubaki naye atanuna.

Tena Shimba usiende mbio mbio. Kuna palahala, wale swara weusi wenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, ambao Kenya hii utawakuta hapa tu. Ukija kutoka Malindi na kurudi siku hiyo hiyo utawapita hujawaona. Kama mna jamaa upande wa kusini, laleni kwao, asubuhi mpande Shimba na miguu mizima.

MamaMahamri
Hilo la goti nakubali, sikulisoma. Kwa bibi Sheldrick hapana. Kwa watoto bado nasema ndiyo.

MwamuMtulivu
Nyinyi wa Malindi mna raha ya kuchagua. Sisi huku Amu tukitaka mai ya kuporomoka ni mashua mpaka Mokowe, kisha basi, na ndia nzima mpaka Malindi kukiwa adhuhuri. Siku ishakwisha na hata hatujaanza safari yenu. BintiShela, mkienda tuwekee picha humu, hizo ndizo zetu.

BintiShela
Nimemsomea bibi uzi wote. Amesema goti ni lake, na habari ya kuachwa garini kama mzigo asiisikie tena. Halafu akauliza ile Lugard gari linafika karibu?

UstadhWaUsukani
Linafika karibu sana. Kutoka gari linapoegeshwa hadi pa kuona maji ni hatua chache, na asipotaka kukanyaga miamba anaona akiwa amekaa. Tena njia ya kwenda inafuatana na mto, kuna mikoma kandokando, viboko, kuro, twiga wanakuja kunywa. Kwa mzee safari yenyewe ni sehemu ya matembezi, si adhabu ya kufikia kitu.

BintiShela
Basi amekata shauri. Anataka ndovu, anataka kuona Sabaki ilikopita, na ni Lugard. Watoto nimewaahidi Sheldrick Disemba. Kuna shangazi Likoni, tutamlalia. Binamu na Marafa yake aende na pikipiki.

Ustadh, niambie vya kuandaa. Nimepanga pilau, mahamri na mbaazi, na katoni mbili za maji ya chupa.

UstadhWaUsukani
Chakula sawa, ila mkifungua pilau tazameni nyani. Yule hasubiri bismillahi. Maji ya chupa yaache. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, chupa zitabaki getini. Chukua jagi kubwa la baridi na vikombe vya nyumbani. Malipo ya KWS ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, pesa taslimu hawapokei, kwa hivyo lipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, uangalie bei mpya na usitegemee aliyolipa jirani. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, la sivyo utabishana na bei ya mgeni.

Na hiyo matatu, kabla hujatoa arbuni mwambie mwenyewe waziwazi kwamba inaingia Tsavo. Kuna wenye magari wanaokodisha kwa lami tu, na utajua hilo siku ya safari saa kumi alfajiri. Mwambie akuonyeshe gurudumu la akiba na jeki inayofanya kazi. Ukiwa ndani ya hifadhi pancha haibadilishwi huku wote mmeshuka mkatawanyika. Mmoja anafunga, mmoja anatazama kichaka.

MtuWaJilore
Tangi lijazwe Malindi pia. Ukishaacha mji usitegemee pampu.

BintiShela
Nimeandika yote. Jagi tunalo, la harusi ya dada yangu, linaingia lita ishirini.