Mahindi meupe yametoa punje za njano msimu huu huu. Imekuwaje?

Mlimaji_Kilosa:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za shamba.

Nimelima mahindi meupe, Staha, mbegu ya dukani iliyofungwa vizuri na lebo yake. Nimeanza kuvuna, na magunzi ya upande wa mashariki yana punje za njano zilizotawanyika katikati ya nyeupe. Gunzi moja lina saba, jingine kama thelathini. Jirani yangu wa upande huo anafuga kuku, mwaka huu kapanda mahindi ya njano kwa ajili ya chakula chao. Kinachotutenganisha ni njia ya ng'ombe tu.

Najua mahindi huchanganyika, ila nilidhani utauona mchanganyiko mwakani, ukishapanda zile punje. Mbona umejitokeza kwenye gunzi la mama? Halafu magunzi mengi hayana kitu kwenye ncha. Na je, naweza kutunza mbegu hapo?

Kijana_wa_Dumila:
Pole kaka. Hiyo mbegu ilichanganywa. Chukua lebo yako urudi dukani.

MamaMbegu:
Marahaba mwanangu. Dukani usiende kwanza. Mbegu ingekuwa imechanganywa, ungekuta mhindi mmoja hapa, mwingine kule, una gunzi zima la njano, hata upande wa magharibi. Wewe unaona punje mojamoja, tena upande wa jirani. Huo ni upepo. Mimi nazalisha mbegu ya mahindi huku Mvomero, na kuchunga nani anamchavusha nani ndiyo kazi inayonilisha.

Mhindi una maua ya aina mbili. Mbelewele kule juu ni ua dume, na kazi yake ni kumwaga chavua. Ua jike ni gunzi changa. Zile nywele zinazotoka kwenye maganda, kila unywele umeanzia kwenye ovuli moja, na ovuli moja ndiyo punje moja. Chembe ya chavua ikidondokea unywele, inaota mrija mwembamba unaoteremka ndani ya unywele huo mpaka kwenye ovuli. Unywele unaweza kufika sentimita 20 na zaidi, na safari yote kwa kawaida huisha ndani ya saa 24. Kwa hiyo gunzi moja lina mama mmoja na mababa wengi. Punje nyeupe na ya njano zinazogusana zinaweza kuwa zimezaliwa na mihindi miwili tofauti kabisa.

Sasa swali lako lenyewe. Mrija ule hubeba mbegu za kiume mbili, na zote zina kazi. Moja huungana na yai, ndiyo inayokuwa kiinitete, mmea mchanga ulio ndani ya punje. Ya pili huungana na viini viwili vingine vya mama vilivyo humohumo kwenye ovuli, ndipo inatengenezwa endospemu, yaani ule unga tunaosaga. Jambo hili lilielezwa mwaka 1898 na Sergei Nawaschin, aliyekuwa akichunguza mayungiyungi, na mwaka uliofuata Hugo de Vries na Carl Correns wakalitumia kueleza hasa hiki unachokiona wewe kwenye gunzi. Mimi hulisoma tena na tena, na kila mara linanistaajabisha: mmea unamwandalia mtoto chakula, na baba naye anachangia kwenye chakula hicho.

Rangi ya njano imo kwenye endospemu. Ganda la nje ni la mama peke yake, lakini linapitisha rangi, unaona mpaka ndani. Na njano huitawala nyeupe, hivyo fungu moja la baba linatosha ingawa mama ametoa mawili. Chukua punje yako ya njano uiweke kando ya ya jirani. Nategemea yako imepauka kidogo, kwa sababu imepata fungu moja tu.

Kuhusu ncha: nywele za chini ya gunzi hutoka kwanza, za nchani hutoka mwisho. Ukame ukiingia wakati wa kuchanua, nywele huchelewa, lakini mbelewele haisubiri. Za mwisho zikitokeza, chavua imekwisha au imekaushwa na jua. Msimu ujao, siku kadhaa baada ya nywele kutoka, chuma gunzi moja, likate maganda taratibu bila kuvuta nywele, kisha litikise. Unywele wa ovuli iliyotungishwa huachia na kuanguka. Uliobaki umeshikilia bado haujapata kitu. Utajua mavuno yako kabla punje hazijajaa.

Bustani_Mbeya:
Mama, kwa hiyo hoho zangu nikizipanda karibu na pilipili kali zitawasha?

MamaMbegu:
Hapana, msimu huu hazitawasha. Ile nyama ya hoho unayokula, na ule utando mweupe wa ndani ambako ukali hutengenezwa, vyote ni mwili wa mama. Chavua ya jirani imegusa mbegu tu. Lakini ukizitoa mbegu hizo ukazipanda, hapo unaweza kuvuna hoho zinazowasha kweli. Kwenye mahindi sisi tunakula mbegu yenyewe, ndiyo maana baba anaonekana siku hiyohiyo.

Mlimaji_Kilosa:
Nimelinganisha, za kwangu kweli zimepauka! Asante sana mama. Basi nikichagua punje nyeupe tu kutoka magunzi hayohayo, zitafaa kwa mbegu?

MamaMbegu:
Usizichukue hizo, mwanangu. Ikiwa ya jirani ni mahindi yaliyochanganyika, sehemu ya chavua yake inabeba weupe, na punje itakuwa nyeupe huku baba ni yule yule wa kuku. Nenda katikati ya shamba na upande wa magharibi, chagua mihindi mingi iliyosimama vizuri, isiyo na ugonjwa, uchanganye punje zake. Usitegemee gunzi moja kubwa, uzao utadhoofika.

Mwakani kaa na jirani kabla ya kupanda. Mita 200 kati ya mashamba zingependeza, ila kwa njia ya ng'ombe hamtazipata. Basi pishaneni wiki tatu mpaka nne katika kupanda, mbelewele zake zimwage nywele zako zikiwa bado hazijatoka. Hizo za njano kasage tu na nyingine, ugali wake ni salama.