Eti "Ina video?" Kile kitoto kimenivua nguo mbele ya watani

Mkongwe wa Msimbazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Kikombe cha kahawa nimekiacha nusu kijiweni, na mimi tangu niijue kahawa sijawahi kuacha hata mashapo.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule yule. Kichwa kama nanasi lililosahaulika juani, simu tatu chaja moja, na humu ndani kila wiki anajiita mchambuzi. Huyo aliyewahi kuandika kwamba ligi za zamani zilikuwa bonanza. Haya, mmeshampata.

Leo baada ya Alasiri nimekaa zangu kijiweni. Watani saba, wote Yanga, sisi Simba wawili: mimi na yeye. Watani wakaanza nyimbo zao za Novemba 5, 2023, siku waliyotufunga. Tano moja, tano moja. Vidole vitano juu. Muuza karanga kapita akataja bei ya pakiti, mia tano, wakamshangilia kama mfungaji wao Aziz Ki.

Nikawaacha. Mtu mzima hana haraka. Nikaing'ata kashata yangu, nikatua kikombe, nikakohoa kidogo, nikauliza kwa upole kabisa: "Sita mnaijua?"

Kimya.

Wakuu, hiyo sita ndiyo karata yangu ya maisha. Julai 19, 1977. Kibadeni wetu peke yake tatu, Jumanne Masimenti mbili, Yanga wakaondoka na mzigo wa sita bila. Karibu miaka 50 hakuna mtu wa Jangwani, kwao Yanga, aliyewahi kuijibu. Baba zao wakisikia sita walikuwa wanaaga, eti wameacha maharage jikoni. Kwa sita hiyo nimewanyamazisha watu mpaka msibani. Mkwe wangu, Yanga wa damu, nilimtajia sita kwenye kikao cha mahari akapunguza ng'ombe ili nisiendelee.

Sasa wote kimya, mimi nimevimba, nasubiri waanze kuaga mmoja mmoja. Ndipo yeye, mtu wa upande WANGU, jezi nyekundu mpya mwilini, macho hayajatoka kwenye simu, akasema:

"Mzee, hiyo ina video?"

INA VIDEO!

Kijiwe kikapasuka. Mmoja kadondoka kwenye benchi. Mwenye kahawa kamimina nje ya kikombe, kajiunguza, na bado anacheka. Watu waliohangaika na ile sita tangu Mwalimu yupo Ikulu, leo wamepewa jibu bure, tena na mtoto wa nyumbani!

Nikamwambia, wewe, bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, hiyo video ingetoka wapi? Tulikuwa na redio, RTD. Babu yangu alikuwa anaanika betri za redio juani tangu asubuhi ili jioni mtangazaji asikatike. Ile siku kila goli likiingia alikwenda jikoni akachora mstari wa mkaa ukutani. Mistari sita. Nyumba ikipakwa chokaa, anairudia upya, mahali pale pale, na bibi analalamika pale pale. Nimpeleke akaione? Nyumba imeuzwa, sasa ni ghorofa la maduka ya vitenge.

Unajua alijibu nini? "Basi mzee tuhesabu kuanzia tulipoanza kuona."

Huyu ndiye mrithi. Nilimwambia Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, tuliwatoa kwao Cairo kwa penalti 2003, Kaseja golini. "Nilikuwa sijazaliwa." Nikamwambia kabla ya 1971 tuliitwa Sunderland, akauliza kama wale wa Uingereza walituuzia jina kwa mkopo. Na Jumamosi yuko na jezi ya Arsenal. Na, wakuu, shikeni kitu msianguke, mkeka wake wa kubeti wa wiki iliyopita kaiweka YANGA ISHINDE. Anasema hela haina kabila.

Lakini hayo yote ningemsamehe. Ila mbele ya watani saba, nimeshatua kikombe, nimeshakohoa... ina video?

Wazee wenzangu naomba tamko.

Chura Msomi

Mkuu pole. Ila swali la kijana ni la msingi. Ina video?

Nanasi Sio Mimi

Ina video?

Mkeka Umechanika

Nimekuja mbio nikadhani kuna video.

Mwananchi Mtiifu

Na kwa taarifa yako, kati ya hizo sita moja beki wetu alijifunga mwenyewe. Kwa hiyo nyinyi mlifunga tano. Na tano sisi tunazo, tena zetu zina video, kamera nane, na mshambuliaji wetu Mzize anaonekana akicheka pembeni. Droo.

Mkongwe wa Msimbazi

Kujifunga ni goli! Tangu lini goli likaulizwa baba yake?

Mnyama Junia

Mzee, mimi ni Simba na umenikera zaidi ya huyo dogo. Ulikuwa na sababu gani ya kwenda 1977 wakati Mei 6, 2012 ipo? Tano BILA. Okwi mbili, penalti tatu, na moja ya penalti kaifunga kipa, Kaseja mwenyewe. Nyingine Mafisango, Mungu amlaze pema, mwezi haukuisha akatutoka kwa ajali. Ipo kwenye simu ya kila mtu. Ungeitoa hiyo kijiwe kingefungwa na serikali ya mtaa.

Mkongwe wa Msimbazi

Nilipigwa na butwaa mkuu. Mtu akikuuliza "ina video" unasahau hata jina la mama yako.

Mtunza Kumbukumbu

Samahani, mimi naomba kuuliza kitu kidogo. Mkongwe, wewe mwaka juzi ulifungua uzi humu unaomba msaada wa kujaza fomu ya mkopo wa vijana. Ukasema una miaka 35. Hiyo mistari ya mkaa ulihesabu ukiwa kwenye tumbo la nani?

Chura Msomi

UWIIIIII

Mwananchi Mtiifu

Jamani mimi nalala na njaa leo, nimeshiba hapa.

Mkongwe wa Msimbazi

Fomu ni fomu na mpira ni mpira. Msichanganye mambo. Nilikuwa mtoto mdogo, nimebebwa mgongoni, lakini masikio yalikuwa yangu.

Mtunza Kumbukumbu

Sawa kijana.

Mzee wa Twiga

Mimi ni Yanga, nina wajukuu tisa, na nasimama na Mkongwe. Msicheke sana. Mnakumbuka Nyamagana, Mwanza, 1974? Simba walitangulia, dakika zinayoyoma, watu wa Msimbazi wameshaanza kufunga mizigo ya ushindi, Gibson Sembuli akasawazisha. Muda wa nyongeza Sunday Manara akamaliza kazi. Mimi nililala stendi siku mbili kurudi nyumbani na sikusikia njaa. Hiyo nayo haina video. Tano bila tuliyowapiga 1968 haina video. Huyo mtoto hakumfuta Mkongwe peke yake, katufuta wote kwa swali moja. Kisha nyinyi Yanga wadogo mnamshangilia!

Mwananchi Mtiifu

Babu shikamoo. Lakini hiyo Nyamagana ina

Mzee wa Twiga

Usiimalizie.

Mwananchi Mtiifu

Sawa babu.

Nanasi Sio Mimi

Mimi naona vijana tunaonewa. Tumekulia kwenye makombe manne mfululizo ya Simba, 2018 mpaka 2021, halafu manne mfululizo ya Yanga. Tumeona Yanga fainali ya Afrika 2023 na Simba fainali ya Afrika 2025. Nyinyi fainali yenu ni ile ya 1993 mliyopigwa mbili na Stella ya Ivory Coast hapa hapa nyumbani baada ya suluhu Abidjan, na mpaka leo mnaisimulia kama mlishinda. Anayetakiwa kumheshimu mwenzake ni nani?

(Na kichwa changu hakifanani na nanasi.)

Mkongwe wa Msimbazi

Mnamwona? MNAMWONA? Hakutajwa lakini kajileta!

Nanasi Sio Mimi

Mimi siye. Jina langu linasema.

Mjane wa Pan

Mnagombana na watoto, mshukuruni Mungu mnao. Mimi ni Pan African. Tulijitenga Jangwani miaka ya 70 na mafundi wote wa maana, 1982 tukawa mabingwa wa nchi. Mabingwa! Wanangu watano wote: watatu Yanga, mmoja Simba, wa mwisho anashabikia mchezaji, siyo timu, mchezaji akihama na yeye anahama na godoro. Nikivaa fulana yangu ya Pan mtaani wananiuliza ni kampuni ya rangi. Mwenzangu unaulizwa "ina video". Mimi naulizwa "ni nini hiyo".

Mkeka Umechanika

Huyu kamaliza uzi. Mpeni kikombe cha kahawa cha Mkongwe, si kimebaki nusu.

Ingwe Damu

Wasee wa Bongo, poleni, lakini hamjaona taabu. Mimi niko Nairobi, AFC Leopards tangu kuzaliwa. Ligi mara ya mwisho tulichukua 1998. Kijana wangu nilimnunulia jezi ya Ingwe, yaani Leopards hao hao, akaifanya kitambaa cha kupangusia baiskeli. Yeye ni Arsenal. Hajawahi kukanyaga uwanja wa Nyayo lakini anajua fundi wa nyasi wa Emirates kwa jina. Halafu jirani ni Gor Mahia, watani wetu, na mtu wa Gor akishaanza 1987, kombe la Mandela, Esperance wa Tunis, huyo hamalizi mpaka ugali upoe. Angalau nyinyi mnatukanwa na mtoto wa timu yenu.

Chura Msomi

Gor ya 1987 ina video?

Ingwe Damu

Iko, ndiyo shida!

Kipanga wa Darajani

Kwa kumbukumbu tu. Mwanzisha uzi kasema "bara hatukuwa na televisheni". Sawa. Sisi Unguja tulikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi. Nyinyi mnaanika betri juani, sie tunatazama.

Mkongwe wa Msimbazi

Ahsante sana mkuu! Sasa ile sita mnayo?

Kipanga wa Darajani

Hatuna.

Mkongwe wa Msimbazi

Sasa umekuja kufanya nini?

Kipanga wa Darajani

Nimekuja kusema ilikuwa ya rangi.

Bi Kashata

Wanaume mmemaliza? Mimi nina malalamiko ya leo leo, siyo ya 1977. Mume wangu Simba, mwanangu Yanga, mimi ndiye dobi. Siku ya mechi nyumba inagawanywa, sebule ya baba, ukumbi wa mtoto, na chakula wanapokelea mlangoni kama wafungwa. Sawa, nimezoea. Juzi baba mtu kanunua jezi mpya pale Kariakoo, nusu bei, akaitumbukiza kwenye beseni langu bila kuniuliza. Mle ndani mlikuwa na sare za shule na shuka nyeupe ya mgeni. Sasa hivi mtoto anakwenda shule na shati la waridi, na shuka ya mgeni ina Simba anayeunguruma mgongoni, kajichora mwenyewe.

Mwananchi Mtiifu

Jezi feki hiyo mama. Halisi haichuji.

Mnyama Junia

Inachuja tu. Mimi nimenunua dukani, na risiti ninayo, nimenyeshewa mara moja kwapa zote zikawa nyekundu, watu wa daladala wakadhani nimechomwa kisu.

Mkeka Umechanika

Halafu namba ya mgongoni! Nilinunua 10, imebanduka sifuri. Nimekuwa kipa.

Mjane wa Pan

Fulana yangu ya Pan ya zamani haijachuja mpaka leo. Nasema tu.

Ingwe Damu

Huku kwetu inakuja na jina la mdhamini aliyeondoka kitambo.

Mkongwe wa Msimbazi

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Nimetukanwa. Mbele ya watani saba. Nilikuwa nimeshatua kikombe...

Bi Kashata

Baba, ngoja kwanza. Hivi rangi ya jezi inatoka na nini? Mgeni anafika kesho kutwa.

Mzee wa Twiga

Loweka kwenye maji ya baridi, siyo ya moto, mwanangu. Ya moto yanaipika rangi.

Mjane wa Pan

Siki na chumvi.

Nanasi Sio Mimi

Ndimu halafu uanike juani. Mama yangu hufanya hivyo, nina video yake nikutumie.

Bi Kashata

Nitumie mwanangu, Mungu akubariki.