Kuchora kisu kabla ya kukata chuma: karatasi, boksi au kompyuta?

fundi_tupa: Wakuu habari za jioni. Nataka kutengeneza kisu cha jikoni, bapa sm 20, upana kwenye kisigino (mwisho wa makali karibu na mpini) kama sm 4.8 hivi, msuka (chuma kinachoingia kwenye mpini) mzima hadi mwisho wa mpini na ribiti mbili za kuushikilia. Chuma ninacho, springi ya gari. Mwezi uliopita nilichora kwa maka peni moja kwa moja juu ya chuma nikakata, nikaja kugundua mpini haushikiki na chuma kimeshakwenda. Safari hii nataka nichore kwanza. Nianze na penseli na karatasi ya grafu, nikate umbo la kisu kwenye boksi, au nijifunze Fusion, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, niprinti? Mwenye uzoefu anisaidie.

MpishiTanga: Mkuu mimi sio fundi, mimi ni wa jikoni, lakini visu ndo nashika kutwa nzima. Boksi. Kuna fundi aliwahi kunichorea kisu kwenye karatasi kizuri kabisa nikakubali, kimekuja, kila nikikata kitunguu vidole vinagonga ubao maana kati ya mpini na makali hakukuwa na nafasi. Kwenye karatasi huwezi kuona hilo, mkono haupo pale. Kata boksi, gundisha vipande vingine kwenye mpini mpaka unene ufike kama mm 18 au 20, weka ubao mezani ujifanye unakata dakika kumi. Mkono wenyewe utasema.

mstari_na_kipimo: Boksi nalikubali ila linapinda pinda, afadhali plaiwudi ya mm 3. Na Fusion msiiogope, kwa matumizi binafsi kuna toleo la bure, faida yake ni kwamba ukitaka kusogeza ribiti mm 2 unasogeza tu hufuti kitu, na faili hilo hilo unampelekea mtu wa kukata kwa leza. Tatizo ni printa. Nilishaprinti mchoro ikaupunguza yenyewe ili uenee kwenye karatasi, mstari wa mm 100 ukatoka mm 96, kwenye kisu cha sm 20 hapo umepoteza karibu mm 8! Siku hizi pembeni ya kila mchoro naweka mstari wa mm 100, nikishaprinti naupima na rula kabla sijagusa kitu kingine.

nyundo254: Niko Nairobi, nimejifunza kazi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Boss hujasema kama unakata na grainda ama unafua kwa moto na nyundo, na hapo ndo kila kitu kinabadilika. Ukikata, mchoro wako ndo kisu. Ukifua, mchoro wa kisu kilichokamilika hautakusaidia kuanza, coz ukipiga upande wa makali ndio uwe mwembamba chuma inanyooka upande huo na kisu chote kinajikunja kuelekea mgongo, kama ndizi. Sisi tunachora mbili, moja ya kisu chenyewe na nyingine ya kipande kabla ya kufua makali, hiyo ya pili inainama kuelekea chini kwa makusudi. Nyundo inainyoosha.

fundi_tupa: Nakata na grainda mkuu, halafu tupa.

mzee_wa_moto: Vijana wote mnachora kisu kwa ubavu tu. Chora pia ukikitazama kwa juu, mgongoni. Springi ina unene wa mm 6 au 7, kisu cha jikoni mgongo wake unataka 2.5 au 3 pale kwenye mpini na uzidi kupungua kwenda kwenye ncha. Usipouchora huo mstari utamaliza shepu nzuri yenye uzito wa panga. Lingine, pale makali yanapokutana na mpini usichore kona kali, zungushia, hata kwa kufuata kizibo cha soda. Kona kali ndipo chuma hupasukia ukikitia kwenye oili kikiwa cha moto ili kiwe kigumu. Na matundu ya ribiti yaoneshe kwenye mchoro, utoboe kabla ya kukifanya kigumu hivyo, kikishakuwa kigumu drili haiingii.

fundi_tupa: Shikamoo mzee, asante sana, hilo la kona sikulijua kabisa na kile kisu cha kwanza nilikiweka kona ya rula.

Basi nimefanya hivi jana usiku: nimechora kwenye grafu ubavu na mgongo, nikakata boksi, nikagundisha mpini. Kwenye karatasi mpini ulikuwa sm 10 nikaona unatosha, nilipoushika kidole cha mwisho kinaning'inia nje. Nimeongeza mpaka 11.5 na nimeinua mpini kidogo, sasa vidole havigusi ubao. Leo nahamishia kwenye plaiwudi, nitamwachia mama watoto akate nayo hewani wiki nzima maana kisu ni chake na mkono wake mdogo kuliko wangu.

MpishiTanga: Hapo sawa. Mwambie ajaribu na mkono ukiwa na maji.