Filamu ya kampuni bila msimulizi: huyu Edgar Anstey aliwawezaje wenye pesa?

BintiKuze
Salamu wanajukwaa. Nimepata kazi ya kupiga filamu fupi ya karakana moja Shimanzi inayotengeneza matrela ya makontena. Mwenye kazi ataka hotuba ya mkurugenzi, droni juu ya paa, na sauti nzito ya kiume ikisema "tunajali ubora". Mimi nataka mafundi wa weldi, cheche na jasho, basi. Mwalimu wangu alinionyesha Snow, filamu ya reli ya Uingereza ya 1963. Dakika nane hivi, hakuna anayesimulia chochote, na aliyelipa ni shirika la reli lenyewe! Mtayarishaji ni Edgar Anstey. Alikuwa nani, na aliwaambia nini wakubwa wakakubali? Tafadhali msiniambie nibadilishe mteja.

FundiLenzi
Badilisha mteja.
Natania. Ila weka mambo sawa: aliyeiongoza Snow ni Geoffrey Jones. Anstey alikuwa bosi aliyempa kazi.

MstaafuWaReli
Binti yangu, bosi huyo ndiye wa kumtazama. Anstey alizaliwa 1907 huko Watford, akaingia kwenye filamu kwa mkono wa John Grierson, baba wa filamu za hali halisi Uingereza, katika kitengo cha Empire Marketing Board, chombo cha serikali cha kutangaza bidhaa za himaya. (Sisi wa Pwani tulikuwa humo humo ndani ya himaya, lakini hilo tuliache leo.) Mwaka 1934 akaanzisha kitengo cha filamu cha Shell. Mwaka uliofuata, yeye na Arthur Elton wakatoa Housing Problems: waliingia na kamera na mitambo ya sauti kwenye vyumba vibovu vya mashariki ya London, wakawaacha wapangaji waseme wenyewe. Kuna mama anasimulia alivyopambana na panya. Siku zile maskini kusema kwa kinywa chake kwenye filamu halikuwa jambo la kawaida.

Mwaka 1949 akapewa British Transport Films, kitengo cha filamu cha usafiri wa umma, akakiongoza mpaka 1974. Sasa njoo kwenye Snow. Mimi nimefanya kazi kwenye gengi la kutengeneza njia ya reli, upande wa Mazeras na Mariakani, kwa hiyo niliitazama kwa jicho la mtu wa njia. Wenye masepetu wanazoa theluji relini, ngoma inagonga polepole. Mara tuko ndani ya behewa, abiria wamestarehe kwenye joto. Mara nje tena. Treni ikishika kasi, ngoma nayo inakaza, mpaka mwisho hupati pa kuvutia pumzi. Muziki ni Teen Beat ya Sandy Nelson, umepigwa upya na Johnny Hawksworth, kisha Daphne Oram akaupitisha kwenye mitambo yake ya sauti. Ikateuliwa kuwania Oscar. Hakuna aliyetamka kwamba wafanyakazi wa reli ni hodari. Wewe mwenyewe unawaona migongo imepinda.

Jones alikuwa akiandaa filamu nyingine ya reli, ile iliyokuja kutoka 1967 kwa jina la Rail. Baridi kali ya 1962–63 ikaangukia katikati, akaona picha, Anstey akamruhusu. Theluji haingoji kikao cha bodi.

Mkosoaji_Bondeni
Tusiwapambe sana, mzee. Housing Problems ililipiwa na watu wa gesi. Nyumba mpya zikijengwa, wao wanauza gesi ya kupikia. Huruma yenye ankara.

MstaafuWaReli
Ni kweli, na Anstey alilijua hilo. Lakini mama wa panya yumo, anasema yake, na hakuna mwenye gesi aliyemkatiza. Mimi hilo nalihesabu.

BintiKuze
Shukrani, mzee wangu. Lakini naona tofauti: Anstey alikaa ndani ya shirika. Jones hakuwa na haja ya kubishana na wakubwa wa reli. Mimi nabishana mwenyewe, tena kwa WhatsApp.

MstaafuWaReli
Hapo umelenga. Anstey alikuwa ukuta: wakubwa upande ule, watu wa kamera upande huu. Na kitengo chake hakikutoa Snow kila wiki. Kilitoa filamu za kufundishia wafanyakazi na za kuvutia wasafiri, kwa wingi. Ndani ya kapu hilo ndimo John Schlesinger alipopata nafasi ya kupiga Terminus, 1961, siku moja katika stesheni ya Waterloo, kabla hajawa jina kubwa Hollywood. Kwa hiyo mpe mkurugenzi hotuba yake, iwe filamu yake peke yake. Kisha tafuta ukuta wako mle karakanani. Nyapara, labda. Yeye ndiye atakayekwambia trela gani linainuliwa saa ngapi.

FundiLenzi
Na usipige picha kwanza. Nenda na kinasa sauti, chukua grinda, nyundo, kreni, adhana ikiingia iache. Kata picha juu ya hizo. Ukimwonyesha mteja kipande cha dakika moja chenye mdundo, atasahau lile sauti zito.

BintiKuze
Nyapara amekubali, ataka tu watu wake wavae helmeti wote. Mkurugenzi amekubali filamu mbili kwa bei ya moja na nusu. Msimulizi katoka. Droni imebaki, hapo hashuki.