Nyama imeshika oveni, vya kusindikizia nivipange vipi?

Mwenye_Zamu: Wakuu, habari za humu. Chakula cha jioni cha sikukuu mwaka huu ni kwangu, watu 14 na watoto wamo. Nyama haina shida, kaka ameibeba. Kichwa kinaniuma kwa vya kusindikizia, maana kila mtu ana chake asichokubali kikosekane: baba viazi vya kuponda, shangazi maharage machanga ya kitunguu saumu, watoto karoti za kuchoma, mama mkwe saladi ya kabichi. Oveni ni moja na nyama itakuwa humo hadi dakika za mwisho. Sitaki watu wanakula mimi bado nimeshika mwiko. Kipi naweza kutanguliza siku moja kabla? Nawasilisha.

Sufuria Nyeusi: Nyama ikitoka haikatwi papo hapo. Pande kubwa ifunike, iache ipumzike hata nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo ya karoti. Pandisha oveni hadi nyuzi 220, karoti ziwe zimeshapakwa mafuta na chumvi, na zisilaliane kwenye trei. Zikibanana zinatoa maji na kuchemka, hazichomeki.

Bibi Upawa: Mwanangu, viazi menya jana yake, viloweke kwenye maji baridi visiwe vyeusi, weka friji. Siku yenyewe vibandike na maji baridi yenye chumvi. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje vinavurugika na katikati bado vigumu. Ukishamwaga maji, rudisha sufuria motoni kidogo vikauke. Siagi kwanza, ndipo maziwa ya moto. Na blenda usiiguse! Wanga ukisagwa hivyo unapata gundi ya kubandikia bahasha.

Mwiko: Shikamoo bibi. Mimi naviponda mapema nikavitia kwenye hotpoti, wageni wakifika naongeza maziwa ya moto na kuvigeuza.

Bibi Upawa: Marahaba. Mapema ya saa moja hivi, sawa. Ya asubuhi kwa chakula cha jioni, hapana. Kikishuka chini ya nyuzi 60 hicho si cha moto tena, ni vuguvugu, na vijidudu ndiko vinakostawi.

Kijiko Kimoja: Maharage ndiyo rahisi kuliko yote. Jana yake yachemshe dakika 3 au 4 kwenye maji mengi yenye chumvi, yatumbukize kwenye maji ya barafu, yakaushe kwa kitambaa, friji. Jioni ni kikaango, siagi, kitunguu saumu, yakishika moto yatoe. Limau liende mezani, kila mtu ajikamulie. Ukilitia mapema ule ukijani unafifia na maharage yanaonekana ya juzi. Kabichi nayo ikate, inyunyizie chumvi, iache kama saa moja, kisha ikamue. Mayonezi baadaye kabisa, la sivyo bakuli litajaa maji.

Mwenye_Zamu: Asanteni sana. Shemeji naye kaibuka anataka wali. Huo nao niupike jana yake?

Sufuria Nyeusi: Wali pika siku hiyo hiyo, hauna kazi. Ukilazimika kuutanguliza, usiuache ulale kwenye sufuria. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukipoa taratibu wanaamka. Utandaze kwenye sinia pana upoe upesi, friji ndani ya saa moja, na ukiupasha uchemke hadi katikati.

Mwiko: Halafu kwani lazima upike vyote wewe? Mama mkwe mwombe aje na saladi yake. Hata ukiipatia, atasema haijakolea.

Mwenye_Zamu: Hahaha, nimeshampigia, kakubali haraka mno. Swali la mwisho: karoti za watu 14 haziingii trei moja, na mbili nitaziweka juu na chini. Zitaiva sawa?

Sufuria Nyeusi: Ya juu itatangulia. Zikifika nusu ya muda zibadilishane nafasi, na hapo hapo zigeuze.