RSTP, MSTP au ulinzi wa lupu: kipi cha kuwasha kwenye swichi?

Waya_Bluu: Wakuu, nina swichi tatu za mtandao za kusetiwa, nimeziunga pembetatu ili waya mmoja ukikatika mtandao usife. Kwenye menyu naona STP, RSTP, MSTP na ulinzi wa lupu. Niwashe kipi? Au nichomoe waya wa tatu yaishe?

Kebo6: Usichomoe, huo ndio akiba yako. STP, RSTP na MSTP zote huzuia lupu, yaani data kuzunguka bila mwisho, kwa kufunga njia ya ziada mpaka ihitajike. STP ya zamani achana nayo: njia ikikatika, hukaa sekunde 30 hadi 50 kabla ya kufungua nyingine, simu za malalamiko zimeshaanza. RSTP, ya mwaka 2001, huhamia njia ya pili upesi, mara nyingi watumiaji hata hawashtuki. MSTP waachie wenye VLAN nyingi (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zile zile) wanaotaka kugawanya mzigo. Kwa swichi tatu unajitafutia maumivu ya kichwa.

Mzee_wa_Raki: RSTP sawa, lakini mzizi (swichi kuu ambayo njia zote hupangwa kuielekea) uchague mwenyewe. Kwa kawaida swichi huja na kipaumbele 32768. Zikilingana, yenye anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ya kiwandani ya kifaa) inashinda, na mara nyingi hiyo ndiyo kuukuu iliyosahaulika stoo! Swichi ya katikati ipe 4096, msaidizi wake 8192. Namba ndogo ndiyo bosi.

Dada_Pakiti: Mnazungumzia waya za swichi kwa swichi tu. Lupu nyingi nilizokutana nazo zimetoka chini ya meza: mtu kakuta waya unaning'inia, kachomeka ncha zote mbili kwenye kiswichi kisichosetiwa. Baadhi ya viswichi hivyo humeza BPDU (ujumbe ambao swichi hutumiana ili RSTP igundue lupu), kwa hiyo RSTP haioni kitu. Fremu ya Ethernet (kifurushi cha data kwenye waya) haina TTL, yaani kikomo cha hatua, basi brodkasti (ujumbe wa kwenda kwa vifaa vyote) inazunguka na kuongezeka mpaka taa zote zinawaka kwa pamoja. Ulinzi wa lupu hutuma fremu yake yenyewe. Ikirudi, poti (tundu la waya kwenye swichi) inazimwa. Poti za watumiaji zote ziwekee.

Kebo6: Mlinzi wa BPDU hatoshi?

Dada_Pakiti: Huzima poti ikipokea BPDU. Iliyomezwa njiani ataipokeaje? Weka vyote viwili.

Mzee_wa_Raki: Hapo umenishinda. Ongeza na kikomo cha brodkasti; hakikati lupu, ila kinapunguza kishindo.

Waya_Bluu: Poti ikizimwa, inarudi yenyewe?

Dada_Pakiti: Inategemea swichi; nyingine hazirudi mpaka uweke muda. Weka dakika 5, lakini soma logi. Waya usipoondolewa, itazima na kuwaka usiku kucha.